Kibaba cha Kumi

Kila siku ya skuli, saa tatu na robo asubuhi, ndege ya Pemba ilipita juu ya paa letu, na watoto wa darasa langu wakaacha hesabu zao wakaangalia. Hawakuangalia dirishani. Waliniangalia mimi. Mji mzima ulijua kwamba mwalimu wa hesabu alikuwa rubani, na watoto walitaka kuuona uso wa mtu ambaye ndege yake inarushwa na mwengine. Nilikuwa nikiwapa mgongo na kuandika ubaoni chochote kilichonijia, mpaka mlio ule ukapotelea kaskazini. Siku moja nilipogeuka niliona nimeandika tarakimu ya saba mara nne mfululizo, na hakuna mtoto aliyecheka. Ningefurahi kama wangecheka.

Miaka miwili nilivumilia hayo, na mimi si mtu wa kuvumilia. Mama alikuwa akisema nimezaliwa na pilipili mdomoni. Baba alifariki nikiwa mdogo, na mama alinilea kwa sindano, akishona kofia za viua, zenye nakshi za uzi, ambazo wanaume walizivaa Ijumaa na Idi. Alinipeleka Bombay nikasomee ufundi wa mitambo, nikarudi na leseni ya urubani, jambo ambalo hakulielewa wala hakulisamehe. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Marubani wote wa pwani yetu walikuwa Wazungu, mimi nikiwa kioja. Kampuni moja ndogo iliyokuwa na ndege mbili ilinichukua, nikawa napeleka abiria na barua Pemba na Tanga, na watu walikuwa wakija kiwanja cha ndege cha Kisauni, hapa Unguja, makusudi kuhakikisha kwamba ni mimi kweli nimekaa mbele.

Kilichonishusha si ajali, maana ajali haikuwepo. Nilikuwa narudi kutoka Pemba na abiria sita, mvua imetanda juu ya mkondo wa bahari baina ya visiwa, injini ya kushoto ikakohoa, ikazima. Ndege ile ilikuwa na injini mbili, na moja ikifa, ya pili humudu kukufikisha pahala ilimradi usitake makubwa. Mbele mvua, nyuma mvua, upande wa bara kweupe, basi nikaelekea bara nikatua Tanga. Abiria walishuka wakajikung'uta nguo, mmoja akauliza choo kiko wapi. Nilipeleka taarifa ofisini Unguja. Ofisi ikajua. Nyumbani hakutumwa mtu.

Mvuvi mmoja wa Nungwi alikuwa keshasema kwamba ameiona ndege ikiingia kwenye wingu na hakuiona ikitoka. Alisema kweli, hakuiona. Mji ukamalizia yaliyobaki. Kesho yake alasiri, niliposhuka melini nikaingia kichochoro chetu, nilikuta mikeka imetandikwa na wanaume wamekaa na juzuu mikononi wakinisomea hitima. Waliinuka mmoja mmoja. Mmoja tu aliendelea kusoma, macho kanikodolea, sauti inapanda, kwani alidhani akinyamaza nitatoweka.

Mama alikuwa ndani juu ya mkeka mpya, kichwa kakifunga kitambaa, wanawake wamemzunguka. Mtaa mzima ulikuwepo isipokuwa bibi mmoja kipofu wa nyumba ya nyuma, maskini kuliko sote, ambaye alikataa kuja. Alisema yeye hamlilii mtu asiyeletewa jeneza lake. Mama aliponiona hakupiga kelele. Alinyoosha mkono akanishika kifundo cha mguu, akakibinya, akapanda akabinya na goti, namna mtu anavyonunua kuku. Kisha akaagiza Msahafu.

"Katawadhe," akaniambia. "Uje uape. Useme hutorusha tena ndege maadamu miye ni hai."

Wanawake wote walikuwa wakiniangalia, nimechoka, kichwa bado kinayumba kwa meli, na mlangoni mwangu nimepita matanga yangu mwenyewe. Nikaweka mkono nikaapa. Mama akaushusha Msahafu, akaukunja ule mkeka aliokuwa amekalia, akausimamisha nyuma ya mlango. Hakuutumia tena wala hakuutoa. Miaka miwili kila nilipofunga mlango niliuona umesimama pale.

Hebu fikiri maana ya kiapo kile. Nilifungwa kwa uhai wa mama yangu, na kufunguliwa kwangu kulikuwa na siku moja tu. Yeye alikuwa mzima, hajafika sitini, na kwao Chwaka wanawake wanafika tisini na meno yao. Asubuhi moja nikielekea skuli nilijikuta nahesabu miaka. Nilisimama katikati ya njia pale Darajani, mtu wa baiskeli akanikosakosa akanitukana mimi na ukoo wangu. Nililipokea tusi lile kwa moyo mmoja, nilikuwa nalistahiki.

Barua ilikuja vuli ikimalizikia. Rubani mmoja alikuwa amerudi kwao Uingereza kwa maradhi na kampuni ilinitaka. Mkaguzi kutoka Nairobi atakuwepo Unguja kwa wiki moja. Nikipita mbele yake, kazi ni yangu. Nisipopita, wataleta mtu mwengine kutoka bara, na leseni yangu iliyolala miaka miwili itakuwa imekufa. Niliisoma barua ile chooni, mlango nimeufunga kwa komeo. Mtu mzima, mwalimu wa watu, najificha na karatasi.

Daktari alinipima macho na moyo, akasema sina kasoro. Kasoro niliijua mwenyewe, na dawa ya kasoro ile haikuwa kwa daktari. Nilikwenda Jang'ombe kwa mzee aliyenisomesha Kurani chuoni utotoni, mbali na kichochoro chetu, ili nisionekane.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Leo upepo gani?"

"Kuna rafiki yangu," nikasema. "Aliapa kwa Msahafu kwamba hatofanya jambo fulani. Jambo lenyewe si haramu. Sasa anataka kulifanya."

"Huyo rafiki yako ana mama?"

Mwalimu akavuta uradi wake punje mbili tatu.

"Ntakujibu mawili," akasema. "La yamini, hicho kiapo, ni jepesi. Kafara yake ni kulisha maskini kumi, kibaba cha mchele kila mmoja. Akiwa hana cha kulisha, ndo afunge siku tatu. La mama si jepesi, na mie sina kitabu chake."

"Na akipenda afunge tu?"

"Rafiki yako anakula mara ngapi kwa siku?"

"Mara tatu."

"Basi na alishe. Funga ni ya asiyekuwa nacho."

Nilimsikia vizuri sana, na nikaenda zangu kufanya kinyume. Kwani mji wetu naujua. Ukimpa mtu mmoja kibaba cha mchele saa nne, adhuhuri mtaa wa pili unauliza una yamini gani, na alasiri jibu limeshafika kwa mama yako limeongezwa chumvi. Funga haina harufu. Mtu anafunga baina yake na Mola wake, na shahidi wake ni tumbo lake. Nikajiambia kwamba mchele ni mchele na njaa ni njaa, na Mungu anajua ipi nzito. Niseme kweli: nilimwogopa mama kuliko nilivyoliogopa kosa.

Nikafunga Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Daku sikula, kwa sababu mama alikuwa akiamka kwa mlio wa kijiko. Asubuhi alinifungia mkate wangu kwenye kitambaa nikaupokea, nikasema nitakula skuli, nikawapa paka wa mtaa wa Malindi. Magharibi nilifungua kwa tende msikitini, kisha nikaja nyumbani nikala kama mtu aliyekwisha kula mchana. Kazi ngumu ilikuwa hapo, kutokula kwa pupa.

Mkaguzi alinipangia Jumatano, saa tano asubuhi.

Alikuwa Mzungu mrefu, mkavu, mwenye saa mbili, moja kila mkono. Hakuniuliza kwa nini nimekaa miaka miwili chini. Tukaizunguka ndege, nikagusa kila nilichofundishwa kugusa, na mikono yangu ikakumbuka yenyewe. Tulipopaa juu ya minazi ya Kiembe Samaki, nilitaka kulia. Sikuwa nimejua kwamba nimeikosa kiasi kile. Mji ukawa mdogo, mabati na mapaa ya mawe, halafu bahari, na kwa muda wa dakika kumi sikuwa na mama wala kiapo.

Lakini ndani ya ndege ile palikuwa na joto la tanuri. Ulimi ulinigandia. Jasho lilinitoka kwanza jingi, kisha likakatika, na jua la kwenye kioo likaanza kuwa na pete. Tulikuwa juu ya mkondo mkaguzi aliponyoosha mkono bila ya kusema akaikata injini ya kushoto. Ndiyo mtihani wenyewe huo. Injini ya kushoto ikilala, ndege hujivutia kushoto, nawe unakanyaga mguu wa kulia kuizuia. Mtoto wa skuli anaweza kukufahamisha. Mimi nilisikia kile kikohozi cha miaka miwili nyuma, nikaona mikeka, na nikakanyaga mguu wa kushoto.

Ndege iliangukia ubavu. Bahari ikaja dirishani, yote, na mapovu yake nikiyaona. Mkaguzi akanipiga bega, akashika yeye, akaiinua, akaiwasha injini. Akairudisha mwenyewe mpaka magurudumu yakagusa chini Kisauni.

"Umekula nini leo?" akaniuliza kwa Kiingereza, bado amekaa.

"Nimefunga."

"Si mwezi wa kufunga huu."

"Ni jambo langu."

"Lingekuwa langu pia, baada ya sekunde nne nyengine." Alikuwa amekasirika mpaka masikio yamemwiva. Akaandika kitu, akakifuta. "Mikono yako mizuri. Mguu wako sitaki kuusema. Naondoka Jumapili. Jumamosi saa mbili uje hapa umekula. Ukikosea, mimi na wewe tumemalizana."

Nilirudi kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Nyumbani nilimkuta mama amekaa kwenye baraza ya ndani, kofia mapajani, sindano imesimama. Hakunijibu salamu.

"Umefungua?" akaniuliza.

"Nifungue nini?"

"Usinifanye mjinga mwanangu. Midomo yako nimeilea miye, ikikauka naijua. Jumatatu nlisema kafunga sunna. Jumanne haina sunna. Leo ya tatu." Akaweka kofia chini. "Mtu hufunga siku tatu zilofuatana kwa kitu gani? Na wewe tokea uzaliwe umeapa yamini ngapi?"

Ndipo nilipouona upumbavu wangu ulivyo mpana. Nilidhani nimejificha kwenye funga, kumbe nilikuwa nikitangaza siku baada ya siku. Hakuna mwanamke wa Unguja asiyejua siku tatu ni za nini. Ningetembeza mchele mtaa mzima ningejulikana kidogo kuliko vile.

"Nlikwenda Jang'ombe jana," akaendelea. "Nkamwambia mwalimu, nina shoga yangu mwanawe aliapa. Akanambia marafiki wa nyumba yetu wana viapo vingi wiki hii. Akanambia na hii: funga yako si kafara. Kwanza wewe unacho cha kulisha. Pili, hata asiyenacho hafungi kabla hajaivunja yamini. Umeshinda na njaa bure siku tatu."

Ningecheka siku nyengine. Siku ile nilikuwa na bahari bado machoni. Pilipili ikapanda.

"Nimeshinda na njaa miaka miwili, si siku tatu," nikasema. "Mama, yale matanga hamjayaondoa. Mkeka wake ule pale nyuma ya mlango. Mmenizika, na kila siku saa tatu na robo nalala kaburini nasikia wenzangu wakipita juu. Unajua nini nahesabu mie? Nahesabu umri wako! Umenifanya mtoto anayemhesabia mama yake umri!"

Neno lile lilipotoka nilitamani kulifuata nilirejeshe. Mama aliichukua kofia yake akaanza kushona, akajidunga kidole, akaendelea kushona. Sikuomba radhi. Nilikunywa maji mbele yake, jua bado juu, gilasi tatu.

Alhamisi hatukusemezana. Ijumaa alinipigia pasi kanzu akaiweka kitandani. Niliporudi msikitini nilikuta chakula kimefunikwa na yeye kaingia chumbani kwake. Nataka mtu anifahamu hapa. Sikuogopa kwamba atanikataza. Angenikataza ningebishana. Niliogopa kwamba nitakwenda bila ya radhi yake, nikajua kwamba nitakwenda tu, na nikajua pia kwamba mtu asiyekuwa na radhi ya mama hapai, hata akiwa na injini nne. Mambo yote mawili nililala nayo kitandani, na usingizi sikuupata.

Jumamosi alfajiri nilimkuta jikoni. Alikuwa amepika mkate wa kumimina, mbatata za rojo, mayai, na uji. Akaweka vyote juu ya mkeka mdogo akakaa kunikabili.

"Kula," akasema.

Nikala. Kila nilipoacha alisukuma sahani. Nilipomaliza alifuta mkeka kwa kitambaa, akasema, "Mguu gani?"

"Mguu gani nini?"

"Mzungu wako alimwambia fundi wa ndege, fundi kamwambia mkewe, mkewe kanifuata sokoni. Umekanyaga mguu siyo. Ulokuwa ndo ni upi?"

"Wa kulia."

Akanipiga kofi dogo juu ya goti la kulia. Hiyo ilikuwa radhi yake, au nilihiari iwe hiyo. Saa mbili tulipaa tena; mkaguzi aliikata injini ya kushoto mara mbili na ya kulia mara moja, na kila mara mguu uliostahiki ulikwenda. Tulipotua alinipa karatasi yangu, akaniangalia tumboni, akasema sasa nimekaa kama rubani.

Mama aliponiona mlangoni alijua. "Na kubeba watu lini?"

"Jumatatu. Pemba, Tanga, na kurudi."

"Basi kesho ntautoa mchele."

Jumapili alikaa mlangoni na kanda la mchele na kibaba chake cha bati. Nilimwona akipima, akikisawazisha kwa kiganja, akimiminia mtu kwenye kitambaa, akisema maneno yake. Maskini wa mtaa walikuja na kuondoka. Sikuhesabu. Nilikuwa na kazi ya kuing'arisha kofia ya kazi iliyoliwa na nondo, na moyo wangu ulikuwa mwepesi. Nilidhani hesabu imefungwa.

Jumatatu, viatu nimeshavaa, aliniita.

"Naam."

"Nataka ujue. Nimelisha tisa."

Sikufahamu. "Na wa kumi?"

"Yupo. Kibaba chake kile pale." Juu ya kabati palikuwa na bakuli limefunikwa kawa. "Ntampa ukirudi."

"Mama, ni kafara hiyo, si mchezo! Mtu anaitoa ikamalizika!"

"Mwalimu kasema hata baada ya kuivunja yamini yafaa. Wende zako, utachelewa."

Niliondoka nimekasirika, sikumbusu mkono. Na hasira ile nilipaa nayo. Nyuma yangu walikaa abiria saba, mmoja mwanamke mjamzito aliyekuwa akienda kujifungua kwao Wete, ameshika kiti changu kwa mkono wote. Hewa ilikuwa safi mpaka mkondoni. Hapo ikatukabili mvua, pahala pale pale, ukuta wa kijivu kutoka juu mpaka majini. Injini ya kushoto ilikuwa ikinguruma vizuri kabisa, na mimi nikaisikia ikikohoa mara tano. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umekakamaa juu ya pedali mpaka ganzi. Nikamsikia mwanamke yule akisoma chini chini, na nikamwambia mama, kwa sauti, kwa kuwa hakuna ambaye angesikia kwa mlio ule: umeniachia deni kwa Mungu juu ya bahari, umefanya nini?

Na ndani ya wingu lile, mikono imeshika, macho kwenye saa za vipimo mbele yangu, nilifahamu alichofanya. Sijui kwa nini sikufahamu mlangoni. Mama hakunizuia, na pia hakuniachia. Aliacha jambo moja halijaisha, kusudi niwe na la kurudia. Kumi wangekwisha, angekuwa amekaa nyumbani mikono mitupu. Tisa walimpa kitu cha kungojea, naye akanipa na mimi nusu yake. Hasira ilinitoka yote, ikabaki hofu peke yake, na kwa hofu peke yake kazi hufanyika. Tukatoka upande wa pili, Pemba ipo chini, kijani, imeoshwa. Yule mjamzito aliachia kiti changu.

Nilitua Unguja alasiri imeingia. Kichochoro chetu kilikuwa na watu wengi barazani kuliko desturi, na hakuna aliyenisemesha. Waliitikia salamu, wakanihesabu miguu. Mama alikuwa amekaa pale pale nilipomwacha. Kofia iliyokuwa mapajani haikuwa imeongezwa hata kiua kimoja. Chakula chake cha mchana kilikuwa juu ya meza hakijaguswa.

Nikambusu mkono. Aliinuka, akavaa buibui, akalichukua lile bakuli juu ya kabati. Mlangoni alisita, kisha akauchomoa ule mkeka nyuma ya mlango, akautia kwapani. Vumbi la miaka miwili likamwagika sakafuni. Nikamfuata kuzunguka nyumba mpaka kwa bibi kipofu.

"Hodi," mama akasema.

"Karibu. Kesharudi?"

"Huyu hapa."

"Na aseme mwenyewe."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Akanyoosha mikono yote miwili mbele yake. "Haya, leteni huo mchele upesi. Tokea adhuhuri nshabandika maji mara tatu, yote yamenikaukia nnakungoja wewe."

Sufuria ilikuwa inachemka juu ya mafiga. Mama aliuosha mchele akautia, akafunika, akapunguza kuni. Kisha akautandika ule mkeka chini, tukakaa juu yake sote watatu kungoja wali uive. Baada ya muda mama akaniuliza kesho naondoka saa ngapi. Nikamwambia saa tatu.